Simu ya Arabuni: Tuongee na Watoto Wetu kwa Gharama Nafuu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Taru)

  Najua wengine mmetembea tangu alfajiri.

Mara nyingi tukikutana tunazungumza juu ya maji, mbuzi na akiba ya kikundi. Leo tuzungumze juu ya simu, hasa simu ya kupiga nchi za nje. Huenda mtu akauliza, hayo yana uhusiano gani na maendeleo ya Taru? Hebu kila mmoja ajiulize: katika mji wenu, au mji wa jirani, hakuna binti aliyekwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani? Hakuna kijana aliyekwenda Qatar au Dubai kuwa mlinzi au dereva? Wako. Mvua imekosekana mara nyingi, makaa hayana faida, na mtoto amesema, "Mama, wacha niende nikatafute."

Akishaenda, kinachotuunganisha naye ni simu. Kama simu ni ghali tunaongea naye mara moja kwa miezi miwili. Kama ni rahisi tunaongea naye kila wiki. Mtoto anayesikika kila wiki, shida yake inajulikana mapema. Anayesikika mara moja kwa miezi miwili anaweza kuumia na sisi hatuna habari. Ndiyo sababu nasema hii ni kazi ya kikundi kama kazi nyingine.

TULIKOTOKA

Wazee mtakumbuka. Zamani simu zote zilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu la Kenya. Kupiga ng'ambo ilikuwa safari: unakwenda mjini, unapanga foleni, unamwambia opereta namba, unasubiri. Dakika tatu zilikula pesa za wiki nzima. Wengi waliandika barua tu.

Mwaka 1999 shirika lile liligawanywa, posta mbali na simu mbali. Mwaka 2000 makampuni ya simu za mkono yakaanza kushindana, Safaricom na ile iliyoitwa KenCell, ambayo siku hizi ni Airtel. Mwaka 2009 likatokea jambo kubwa hapa kwetu pwani. Nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa. Moja yao, iitwayo TEAMS, inatoka Fujairah, huko huko Emirati. Kabla ya hapo mawasiliano yetu na ng'ambo yalitegemea setilaiti, na setilaiti ilikuwa ghali. Kwa hiyo ile njia ya kufika Arabuni inapita chini ya bahari yetu wenyewe. Tujue kuitumia.

KWA NINI SIMU YA NJE NI GHALI?

Ukipiga simu ya kawaida kwenda Saudia, kampuni ya hapa inaipeleka mpaka huko, kisha inailipa kampuni ya huko ili iifikishe kwa binti yako. Kila dakika ina malipo ya hapa na malipo ya kule, na faida juu yake. Ni kama kukodi gari spesho kutoka hapa mpaka Mombasa. Gari ni lako peke yako, basi utalilipia lote.

Simu ya intaneti ni kama kupakia mzigo wako kwenye matatu. Sauti yako inakatwa vipande vidogo vidogo, inasafiri pamoja na mizigo ya watu wengine, na ikifika inaunganishwa tena. Unalipia nafasi uliyochukua tu. Sauti huchukua nafasi ndogo, kwa kawaida chini ya megabaiti moja kwa dakika. Video huchukua mara kadhaa zaidi.

NJIA ZILIZOPO

Ya kwanza ni simu ya kawaida kwa kredi yako. Unaanza na alama ya kujumlisha, kisha namba ya nchi: Saudia 966, Emirati 971, Oman 968, Qatar 974, Kuwait 965, Bahrain 973. Uzuri wake ni kwamba hata kabambe inaweza, na haihitaji intaneti. Ubaya wake ni bei. Iwekeni kwa ajili ya dharura.

Ya pili ni vifurushi vya nchi za nje. Kampuni za simu huuza dakika za kupiga nchi fulani kwa bei ya chini kuliko ile ya kawaida. Kabla ya kununua ulizeni mambo manne: Je, nchi anayokaa mtoto wangu imo? Je, ni kwa simu za mkono au za waya tu? Je, kinaisha lini, saa hii, usiku wa manane au baada ya wiki? Na je, wanahesabu kwa sekunde au kwa dakika? Kama ni kwa dakika, ukiongea dakika moja na sekunde tano umelipa dakika mbili.

Ya tatu ni kumwacha yeye apige. Nchi za Ghuba zina wafanyakazi wengi kutoka nje, na makampuni ya huko huuza vifurushi vya kupiga makwao. Mwulize kwake dakika moja ya kupiga Kenya ni bei gani, kisha mlinganishe na yako. Apige yule ambaye kwake ni rahisi, na mwingine amflashi tu. Lakini tusimtwike mtoto mzigo wote. Mshahara wake una kazi nyingine, tena ndiyo hiyo hiyo anayotutumia.

Ya nne ni simu ya intaneti, kama WhatsApp au imo. Hapa ndipo penye nafuu kubwa, lakini lazima pande zote mbili ziwe na intaneti na programu moja. Tena si kila nchi inaruhusu. Emirati, yaani Dubai, Abu Dhabi na wenzao, kwa miaka mingi wamezuia kupiga simu kwa WhatsApp. Huko watu hutumia programu zenye kibali, kama Botim. Saudia ilifungua mlango wa simu za intaneti mwezi wa Septemba 2017, lakini si programu zote zilizopita siku ile. Kwa hiyo usisikilize wa dukani, mwulize aliye huko: kwenu ipi inapita?

Wapo vijana watakaosema, "Weka VPN, utapiga tu." VPN ni programu ya kuficha njia unayopita kwenye intaneti. Tuwe waangalifu. Sheria ya Emirati inatoza faini ya kuanzia dirham 500,000 kwa anayejificha kwa njia hiyo ili kutenda kosa. Hiyo ni pesa ambayo Taru nzima tukichanga hatuimalizi. Tusimwingize mtoto kwenye matatizo kwa sababu ya salamu.

Ya tano ni ujumbe wa sauti. Unabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye WhatsApp, unasema maneno yako, unatuma. Naye akipata nafasi anasikiliza na kujibu. Hii watu wanaidharau, lakini kwa maisha yetu ndiyo rahisi kuliko zote. Inakula intaneti kidogo sana. Inapita hata katika nchi ambazo zimezuia simu. Haihitaji ninyi wawili kuwa macho saa moja. Na kama mtandao wenu hupatikana tu ukipanda kilimani, unaweza kurekodi nyumbani, ukifika kilimani inaondoka yenyewe. Tena bibi asiyejua kusoma atamsikia mjukuu wake mara kumi akitaka.

TUPIGE HESABU

Hebu tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Mkirudi nyumbani wekeni bei za kampuni yenu za siku hiyo.

Tuseme Mama Mbodze ana binti Riyadh. Wanaongea dakika 10 kila Jumapili, Jumapili nne kwa mwezi. Hizo ni dakika 40.

Kwa simu ya kawaida, kama dakika ni shilingi 40, atalipa shilingi 1,600 kwa mwezi.

Kwa kifurushi cha nchi za nje, kama dakika inakuwa shilingi 10, atalipa shilingi 400.

Kwa intaneti, dakika 10 haziwezi kuzidi megabaiti 10 hivi. Hata akinunua kifurushi kidogo cha shilingi 20 kila Jumapili, na kulipa shilingi 20 nyingine kuchaji simu dukani, ni shilingi 160 kwa mwezi.

Kati ya 1,600 na 160 kuna tofauti ya shilingi 1,440. Kwa mwaka ni shilingi 17,280.

Lakini simu ya intaneti yenyewe itatoka wapi? Kweli, hana. Tuseme simu ni shilingi 7,000. Ile tofauti ya 1,440 itakuwa imeilipa kabla ya mwezi wa tano kwisha. Na wanakikundi kumi wakichanga, ni shilingi 700 kila mmoja.

Sasa kuna mtu hapa anasema moyoni, "Mimi sijawahi kutumia 1,600 kwa simu." Ni kweli, wengi wetu hatuzitumii. Hatuna, basi tunanyamaza. Hesabu yetu ya kweli ni kwamba kwa shilingi 160 yule aliyekuwa kimya anaweza kuongea na mwanawe kila wiki.

MITEGO YA KUEPUKA

1. Kifurushi kikiisha katikati ya mazungumzo, simu inaweza kuendelea kula kredi yako kwa bei ya juu. Nunua kifurushi, usiache kredi nyingine nyingi ndani. Au mwombe wakala akuonyeshe namna ya kufunga matumizi nje ya kifurushi.

2. Picha na video za makundi ya WhatsApp zinaweza kujipakua zenyewe. Unanunua kifurushi ili uongee na mtoto, kumbe kimeliwa na video za vichekesho. Mwambie kijana akufungie hiyo kazi. Vile vile WhatsApp ina sehemu ya kuchagua simu itumie intaneti kidogo, na sehemu ya kuonyesha imetumia kiasi gani. Iangalieni.

3. Kredi ya kukopa si ya bure. Okoa Jahazi, kwa mfano, hukatwa asilimia 10. Ukikopa shilingi 100 unapata 90.

4. Namba ngeni ya nje ikilia mara moja na kukata, usiipigie. Huu ni wizi unaojulikana duniani kote kwa jina la Kijapani, wangiri, yaani kulia mara moja na kukata. Ukipiga, unaunganishwa na namba ya bei kubwa na kredi inakwenda. Sisi wenye watoto nje ndio rahisi kunaswa, kwa sababu moyo unaruka: "Huenda ni yeye amebadilisha laini!" Kwanza tazama namba ya nchi. Kama mtoto yuko Oman, itaanza na 968. Kama ni nyingine, mtumie mtoto ujumbe kwenye namba yake ya siku zote. Kama kweli ni yeye, atapiga tena au ataandika.

5. Akisafiri na laini ya Kenya, kuitumia huko kama anavyoitumia hapa ni gharama kubwa, hata kupokea tu anaweza kukatwa. Anunue laini ya huko. Lakini laini ya Kenya asiitupe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni huichukua na kumpa mtu mwingine, na huyo anaweza kupokea namba za siri za WhatsApp yake. Aweke nenosiri la pili kwenye WhatsApp kabla ya kuondoka.

SIMU NI ULINZI

Ndugu zangu, sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya niwaite.

Tumesikia habari za mabinti walionyang'anywa simu na pasipoti, waliofanya kazi bila kulala, waliokosa mshahara. Wengine wamerudi katika sanduku. Mwaka 2014 serikali ilisimamisha kwa muda kupeleka wafanyakazi wa nyumbani katika nchi za Ghuba kwa sababu ya malalamiko hayo. Wapo pia waliopata waajiri wazuri, wamejenga nyumba za mabati na kusomesha ndugu zao. Hatumkatazi mtu kwenda. Tunasema aende akiwa ameunganishwa na nyumbani.

Kabla hajaondoka, kaeni naye jioni moja mpange mambo haya:

Siku na saa ya simu. Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain saa yao ni sawa na yetu. Emirati na Oman wametutangulia saa moja. Sisi tukiwa saa tatu usiku, Dubai ni saa nne. Mfanyakazi wa nyumbani hupumzika usiku sana, basi yeye ndiye achague saa.

Namba mbili za kichwani. Simu ikichukuliwa, namba zote zimekwenda nayo. Ajue kwa moyo namba mbili za nyumbani, akianza na 254 na kuacha ile sifuri ya mbele. Ajaribiwe mpaka azitaje bila kukosea. Na aziandike kwenye kitambaa cha nguo yake.

Neno la siri. Huenda mwajiri amesimama hapo hapo anasikiliza. Chagueni maneno ya kawaida ambayo maana yake mnaijua ninyi tu. Kwa mfano akiuliza, "Yule mbuzi mweusi wa babu amepona?" na babu hana mbuzi mweusi, mjue mambo si mazuri. Msianze kupiga kelele kwenye simu. Jibuni taratibu: "Bado, lakini daktari tumemwita." Naye atajua mmesikia.

Siku za kimya. Kubalianeni, kimya cha siku ngapi ni cha kawaida, na kikizidi hapo mtafanya nini. Familia moja inaweza kusema siku kumi, nyingine kumi na nne. Bila kupanga, kila mtu atasema "labda yuko na kazi nyingi", na miezi inapita.

Karatasi za nyumbani. Nakala ya pasipoti, viza, mkataba, jina la wakala wa hapa na wa kule, jina na namba ya mwajiri, na mji anaokaa. Ziwekwe mahali pasipoingia mchwa wala mvua.

Kimya kikizidi, msikae mkilia mudzini. Mwiteni wakala aliyempeleka na mwulizeni mbele ya mashahidi. Nendeni kwa chifu na polisi, mpate maandishi. Pelekeni habari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo kazi yake ni kusimamia mawakala hawa, na kwa Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo ina balozi za Kenya Riyadh, Abu Dhabi, Doha, Kuwait na Muscat. Ukifika na zile karatasi na tarehe ya mwisho ya simu, watakuwa na pa kuanzia. Ukifika na machozi tu, hata afisa mwema atashindwa aanzie wapi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mtu mmoja mmoja ni vigumu. Kikundi kinaweza. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kikundi kinunue simu moja ya intaneti kutoka kwenye mfuko wake, au kwa mzunguko wa michango. Ikae kwa mtu mwaminifu anayeishi penye mtandao mzuri, na iwe na daftari: nani ametumia, siku gani, amelipa kiasi gani cha kifurushi. Ukimaliza kuongea, futa ujumbe wako. Siri ya mtu ibaki yake.

Pili, kila kikundi kichague kijana mmoja aliyemaliza shule awe mwalimu wa simu. Kazi yake ni kuwafundisha wazazi kupokea, kupiga, kurekodi ujumbe wa sauti na kusoma bei. Asiwafanyie kila kitu. Mama akijua kubonyeza mwenyewe hatahitaji kumwambia mtoto wa jirani siri za nyumba yake. Na huyo kijana kila mwezi aulize bei mpya za vifurushi aziandike ubaoni, maana bei hubadilika bila kupiga hodi.

Tatu, muwe na orodha ya watoto wa kikundi walio nje, na tarehe ambayo kila mmoja alisikika mara ya mwisho. Katika mkutano wa kila mwezi isomwe kama mnavyosoma mahudhurio. Jina likisomwa na mzazi akanyamaza, kikundi kizima kimejua, na wawili wanaondoka pamoja naye kesho yake kwenda kwa chifu. Mzazi mmoja akienda peke yake anaweza kurudishwa mlangoni. Wakienda watu watatu wenye daftari, watasikilizwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sasa mgawanyike watu sita sita, mjadili maswali haya, kisha kila kundi lituambie limepanga nini.

1. Katika kikundi chetu ni familia ngapi zina mtu nje ya nchi? Kila mmoja alisikika lini mara ya mwisho?

2. Mwezi uliopita tulitumia shilingi ngapi kupiga simu za nje? Njia ipi kati ya zile tano ingetufaa, tukitazama mtandao wa kwetu na nchi wanakokaa?

3. Ni wapi katika kijiji chetu mtandao unapatikana vizuri, na ni nani anaweza kutunza simu ya kikundi?

4. Kuna kijana anayejitayarisha kuondoka hivi karibuni? Nani ataketi naye, na jioni gani?

Swali la nne lijibiwe leo kabla hatujaachana.